Fundi wa Msasani aliyeiponya jetski yetu iliyokuwa inapanda resi yenyewe na haizimiki

Naandika hii kwa kirefu maana inahusu usalama wa watu na hela za watu. Kuna fundi mmoja pale Msasani, upande wa wavuvi, ambaye kwa maoni yangu ndo mtu wa kumpelekea jetski ya tustroki, yaani zile injini za kuchanganya oili na petroli, pale inapoanza ule ugonjwa wa kupanda resi yenyewe na kugoma kuzima. Jina lake na namba yake sizitaji hapa kwasababu hajaniruhusu, ila ukifika ukauliza fundi wa Enduro (zile injini za boti za wavuvi) anayeshika na jetski utapelekwa mpaka mlangoni. Mi nasimamia jetski za kukodisha ufukweni Kigamboni, na nilimkabidhi moja ambayo watu wawili watatu walishaniambia niiuze kwa chuma chakavu.

Mashine yenyewe ni Yamaha XL700, mtumba kutoka Dubai. Kwa asiyeijua, ni injini ya 701 cc, silinda mbili, pistoni ya milimita 81 inayotembea milimita 68, kabureta mbili za Mikuni, na ni ukoo mmoja na injini iliyokaa kwenye SuperJet, ile jetski ya kusimama, ambayo Yamaha waliendelea kuiuza ikiwa tustroki mpaka 2020 ndo 2021 wakaileta ya fostroki. Nasema hivi makusudi kwasababu utakuta mtu anakwambia hiyo injini ya kizamani haina spea, achana nayo. Spea zipo, sili (zile pete za kuziba hewa kwenye shafti) zipo, gasketi zipo, pistoni zipo, ni kuagiza tu na kusubiri.

Ugonjwa haukuanza siku moja. Kwanza ilikuwa ukiachia mafuta resi hazishuki palepale, zinaning'inia juu afu ndo zinashuka taratibu, hasa injini ikishapata moto. Afu asubuhi ikawa ngumu kuwaka bila kuvuta choki kwa muda mrefu. Afu sailensi, yaani resi za injini ukiwa hujabonyeza mafuta, ikawa haitulii, leo iko chini kesho iko juu na hamna mtu aliyegusa kitu. Jamani hizo dalili tatu zikikaa pamoja kwenye tustroki usiseme ni uzee wa mashine, hapo kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa kuingia. Sisi tuliipeleka gereji mapema tu, na hao mafundi wa kwanza (siwataji) waliisoma kama shida ya kabureta, wakacheza na skrubu za mafuta, wakashusha skrubu ya sailensi, wakaweka plagi mpya, wakapaka silikoni nyekundu kwenye kitako cha kabureta, wakaiwasha juu ya trela ikatulia, tukalipa tukaondoka.

Haikuchukua muda ikaja kulipuka resi juu ya trela vijana wakiwa wanaisafisha chumvi kwa maji ya bomba baada ya kazi. Kijana akachomoa kile kiklipu cha kuzimia cha kamba ya mkononi, injini haijazima. Akabonyeza swichi nyekundu, ndo kwanza inapanda. Pampu iko hewani haina maji ya kusukuma, hamna mzigo wowote wa kuishika, na kama hujawahi kusikia tustroki ikiwa hivo omba usisikie. Kilichotuokoa ni kwamba yule kijana alivuta choki mpaka mwisho, petroli ikazidi, ikakohoa ikafa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Ndo tukaivusha na kivuko mpaka ng'ambo tukaipeleka Msasani.

Sasa kilichonifanya nimkubali huyu mzee (namwita mzee maana ni mtu mzima, yeye ananiita kijana wangu) ni kwamba hakushika skrubu ya kabureta hata moja mwanzoni. Alikaa akauliza. Ilipanda ikiwa baridi au ikiwa ya moto? Ilikuwa majini au nje? Ulipochomoa kiklipu sauti ilibadilika hata kidogo au iliendelea vilevile? Nani aliifungua mara ya mwisho na aligusa nini? Afu akasema, "Plagi zitoe taratibu, usizifute, usizipulize, nipe zilivyo."

Plagi ya silinda ya nyuma ilikuwa kahawia, rangi nzuri tu. Ya mbele ilikuwa nyeupe kabisa, kauri yake imeungua. Mzee akaziweka mkononi pembeni pembeni akasema, "Kijana wangu, nyuma hapana shida, mbele ndo inakula hewa." Mi nikauliza umejuaje na injini ni moja, akanielewesha kwamba kwenye tustroki ya silinda mbili kila silinda ina chumba chake chini kwenye krankikesi (ile kesi inayobeba kranki), haviingiliani, kwahiyo hewa ikiingilia upande wa mbele itaumia silinda ya mbele peke yake. Kama zingekuwa nyeupe zote mbili angeanza kufikiria mafuta machafu, filta iliyoziba, au tanki linalokosa kupumua. Moja nyeupe moja kahawia ni hadithi nyingine. Hapo tu nikajua nimefika kwa mtu anayejua, maana wale wa kwanza plagi walizitupa bila kuziangalia.

Hata hivyo hakuishia kwenye kukisia. Alisema injini ikigoma kushuka resi kuna njia tatu, na kila moja inapimwa kivyake. Ya kwanza ni kebo ya mafuta au vipepeo vya kabureta, vile vibati vinavyofungua na kufunga hewa, kukwama. Akabonyeza kishikio cha mafuta akaachia, akasikiliza vile vipepeo vinavyojigonga kufunga, akakata usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho huku anaangalia kama kebo inavutika. Kuna jetski nyingi ukikata kona resi zinapanda kwasababu tu kebo imepitishwa vibaya. Yetu ilikuwa safi. Ya pili ni umeme wa kuzimia, yaani kiklipu na swichi nyekundu, maana waya ukikatika ndani au swichi ikiliwa na chumvi unaweza kuchomoa kamba mpaka kesho injini inaendelea, lakini hapo inaendelea kwa resi zilezile, haipandi. Akapima swichi kwa mita, ikawa nzima pia. Ikabaki ya tatu, hewa.

Na hapa naomba nieleze alivyonieleza maana wengi tunashika hizi mashine bila kujua. Kwenye gari ya kawaida chini kwenye krankikesi kuna oili tu, hewa kidogo ikipenya haileti maafa. Kwenye tustroki ile krankikesi ndo pampu yenyewe ya injini. Pistoni ikipanda, chini kunakuwa na uvutaji, mchanganyiko wa hewa na petroli na oili unaingia kupitia kabureta na vile vimdomo vya ridi vinavyoruhusu kuingia tu, sio kurudi. Pistoni ikishuka, inaukandamiza ule mchanganyiko unapanda juu kwenye silinda kupitia njia za pembeni. Sasa kama sili ya kranki imechoka au kuna kitundu popote, kila pistoni inapopanda inavuta hewa ya ziada ambayo haijapita kwenye kabureta, haina petroli, haina oili. Umeachia mafuta, kipepeo kimefunga, lakini injini ina mlango mwingine wa kupumulia ambao wewe huna kishikio chake.

Mchanganyiko ukiwa mkavu hivo, moto wa ndani unakuwa mkali sana. Ncha ya plagi inawaka nyekundu, masizi yaliyoganda juu ya pistoni na kwenye hedi nayo yanawaka nyekundu, na hapo injini haihitaji tena cheche ya plagi kwasababu mchanganyiko unajiwasha wenyewe ukigusa yale makaa. Ndo maana ukichomoa kiklipu haizimi. Kiklipu kinakata umeme, na yenyewe imeshaacha kutumia umeme. Na baya zaidi oili ya tustroki inasafiri ndani ya petroli, kwahiyo petroli ikipungua oili nayo inapungua, wakati huohuo resi ziko juu na joto liko juu. Pistoni ni ya alumini, inatanuka, inakwaruza ukuta, mwisho inakamata au inatoboka. Sasa mtu anakuja anapunguza skrubu ya sailensi, si anafunga mlango halali na kuuacha ule wa wizi wazi!

Kipimo chake ndo kitu ninachotaka kila fundi wa boti nchi hii awe nacho. Sio mashine ya bei, amejitengenezea. Alitoa kabureta zote mbili na mlango wa eksozi, akaziba kila tundu kwa kipande cha raba nene ya tairi kilichobanwa na bati la chuma na bolti zilezile za injini, plagi akazirudisha, ule mpira mdogo wa palsi unaoenda kwenye pampu ya mafuta akauziba. Kwenye bati moja amechomelea valvu ya tairi la baiskeli, hapo anaunga pampu ya mkono na geji ndogo inayosoma psi 15 tu (psi ni kipimo cha presha, kama ya tairi). Akapampu mpaka psi 6 hivi akaacha. Alisisitiza usizidishe 8, maana ukipitiliza unasukuma sili nje mwenyewe afu unajitafutia ugonjwa ambao haukuwepo. Injini nzima inatakiwa ishikilie, ikipoteza isizidi psi 1 kwa dakika. Yetu mshale ulishuka tunautazama.

Afu akachukua maji ya sabuni na brashi akaanza kupaka, kitako cha ridi, gasketi ya silinda, maungio ya krankikesi, vibomba vyote. Kitu cha kwanza alichokuta kilinishangaza. Hii jetski mwenye nayo wa zamani alishaitoa ile pampu ya oili akawa anachanganya oili kwenye dumu, ambayo ni sawa, wengi wanafanya hivo. Ila vile vibomba vidogo ambavyo mipira ya oili ilikuwa inaingilia vilizibwa na vikofia vya raba, na kimoja kimekauka kwa joto kikapasuka. Povu likatoka pale. Fundi mwingine angefurahi akabadilisha kikofia akatukabidhi. Mzee alibadilisha, akapampu tena, mshale ukashuka polepole kuliko mwanzo lakini ukashuka. "Kuna mwingine," akasema, akaendelea.

Huyo mwingine alikuwa mbele, nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito la kwenye kranki), kwahiyo ikabidi afungue kava, atoe flaiwili kwa pula yake (hakuigonga nyundo, hili naliweka maana nimeona flaiwili zilizopasuliwa na nyundo), na pale nyuma kulikuwa na vumbi jekundu la kutu. Maji ya chumvi yalishawahi kuingia kwenye kava yakakaa. Kutu ikala shafti pale sili inapolalia, mdomo wa sili ukasagika. Alipopaka sabuni ikachemka povu pande zote. Kisha akageuza pampu ikawa ya kunyonya badala ya kusukuma, akapima tena, maana anasema kuna sili inayoshikilia presha lakini ukiinyonya mdomo wake unafunguka, na injini inapofanya kazi inavifanya vyote viwili. Hicho kipengele mi sikuwahi kukisikia kwa fundi yeyote kabla yake.

Ukitaka kubadilisha sili za kranki kwenye hii 701 huwezi kuichokonoa na bisibisi kutoka nje ukapachika nyingine, ina mkanda unaokaa kwenye mfereji wa krankikesi kwahiyo lazima injini ishushwe na kesi zitenganishwe. Hapo bei inapanda na muda unapanda. Alinieleza hilo kabla ya kuanza, akanionesha, akaniambia nikikataa ananirudishia mashine ilivyo na nitalipa kipimo tu. Nilikubali. Pistoni ya mbele ilikuwa na mikwaruzo myepesi upande wa eksozi, akapima kwa maikromita silinda na pistoni, akasema bado ziko ndani ya kiwango, akabadilisha ringi, sili zote mbele na nyuma, gasketi zote, shafti akaisafisha pale ilipoliwa mpaka mdomo wa sili ukapata pa kulala vizuri. Kesi alizifunga kwa ile gundi maalumu inayovumilia petroli. Ile silikoni nyekundu aliikwangua yote na alikuwa na hasira nayo kweli, kwasababu petroli inaivimbisha inamenyuka vipande vipande na vile vipande vinaishia kwenye jeti za kabureta. Akanionesha kimoja kimekaa ndani.

Kabla ya kuirudisha injini kwenye bodi akapima tena presha ikiwa mezani. Mshale ukasimama. Tukanywa chai, tukarudi, umesimama palepale. Ndo akagusa kabureta sasa, akaweka diaframu mpya na sindano mpya za Mikuni halisi na skrubu zikarudi kwenye vipimo vya kiwandani. Na sailensi hakuirekebisha juu ya trela. Tuliishusha majini pale pale ufukweni, ikafungwa kamba, ndo akairekebisha, kwasababu nje pampu haina mzigo resi zinakuwa juu, ukizishusha nje ukija majini inazima kila ukiachia mafuta, na mtu anarudi anaongeza, mnazunguka hapohapo mwezi mzima. Nyie mnaorekebisha sailensi kwenye trela naomba muache.

Huyu mzee msingi wake ni mashine za wavuvi, zile Enduro, na hilo linaonekana. Enduro 40 nayo ni tustroki ya silinda mbili, 703 cc, karibu sawa kabisa na hii yetu, na boti kibao kwenye pwani yetu zinaendeshwa na hizo. Mtu aliyekaa na Enduro miaka yote hiyo sili ya kranki anaijua. Kwahiyo usidanganywe na gereji yenye vioo na stika za jetski, uliza kwanza wana kipimo cha presha ya krankikesi. Kama hawana, wanakisia.

Kitu kingine alichofanya bila kututoza hela, aliwaita vijana wangu akawafundisha injini ikikimbia yenyewe wafanye nini, na naandika hapa kwasababu naona ndo sehemu yenye thamani kuliko hata matengenezo. Chomoa kiklipu kwanza, kama ni kebo imekwama itazima hapohapo. Isipozima vuta choki yote mara moja, usisubiri uone. Ukiwa nje na mpira wa maji umeunganishwa, injini ikishakufa tu funga maji upesi, maana maji yakiendelea kuingia na injini imesimama yanarudi kupitia eksozi mpaka kwenye silinda na hapo umeua injini uliyotoka kuiokoa. (Kwa wasiojua hata siku za kawaida utaratibu ni huo, washa injini kwanza ndo ufungue maji, funga maji kwanza ndo uzime injini.) Usikimbilie kufunga koki ya petroli kama njia ya kwanza, kwasababu hizi kabureta za Mikuni hazina bakuli la kuhifadhia mafuta, lakini kwenye mpira bado yapo, na yanapoelekea kuisha mchanganyiko unazidi kuwa mkavu na resi zinazidi kupanda kabla ya kuzima. Usiweke kiganja kwenye mdomo wa kabureta, kamwe. Kama choki haijasaidia na una kizimamoto cha gesi ya CO2 pulizia kwenye njia ya hewa, itakosa pumzi. Kile cha unga usitumie, unga unaingia ndani unasaga kila kitu. Na usisimame nyuma ya pampu wala karibu na wavu wa chini.

Tena alitukataza kuitoa kwa mteja hata kwa dakika tano kabla haijapona, na hapo alikuwa mkali. Mteja akianguka majini kiklipu kinachomoka na anategemea mashine isimame imsubiri. Ikiendelea yenyewe bila mtu, kwenye ufuo wenye waogeleaji wikiendi, sihitaji kuwaeleza.

Kuhusu oili. Tulikuwa tunanunua yoyote iliyoandikwa tustroki, na mzee akasema hapana, oili ya pikipiki na ya msumeno wa mbao ni ya injini zinazopozwa na hewa, za majini zinataka ile yenye alama ya TC-W3. Kipimo ni 50 kwa 1, yaani kila lita moja ya petroli mililita 20, dumu la lita 20 mililita 400. Kwa mafuta ya mwanzo baada ya ringi mpya alituambia tuweke mara mbili ya hapo, 25 kwa 1, na tusiibane mpaka mwisho. Ilitoa moshi sana mara ya kwanza, watu ufukweni wakalalamika, baada ya hapo ikatulia. Chupa sasa zina alama ya kipimo, hamna kijana anayemimina kwa macho.

Bei: ufundi laki nne, na ukiweka sili, gasketi, ringi, diaframu na usafirishaji ikazidi milioni. Sio hela ndogo. Ila piga hesabu ya injini mtumba kutoka Dubai ambayo nayo hujui sili zake zikoje, utaona ni nafuu, afu ile injini tunaijua ndani nje sasa.

Nyota nampa nne kati ya tano, na iliyopungua ni kwa sababu za kweli. Muda, kwanza. Spea hazikuwepo Dar, zile za Enduro unazipata kirahisi lakini za jetski zikaagizwa, na wakati wa kusubiri mzee hapigi simu kukuambia kinachoendelea, ni wewe umfuate. Msimu wa kaskazi ndo biashara yetu, bahari imetulia wageni wamejaa, kwahiyo kila wiki jetski ikikaa mezani ni hela inapotea. Nilimwambia hilo na akakubali angeweza kututumia hata ujumbe. Pili hana risiti wala karatasi ya kazi aliyofanya, nikamwomba aniandikie kwenye daftari langu orodha ya vilivyobadilishwa na akaweka saini, nawashauri mfanye hivohivo. Tatu gereji haina uzio wa maana, mashine usiku inalindwa na mlinzi wa boti za jirani, kwahiyo vua betri na kiti uondoke navyo. Kwenye kazi yenyewe sina cha kulaumu. Spea za zamani zote alinirudishia kwenye mfuko, ile sili iliyosagika ninayo, naionesha kwa kila anayeniambia shida ilikuwa kabureta.

Tangu imerudi inawaka ikiwa baridi kwa choki kidogo tu, ukiachia mafuta inashuka palepale, plagi zote mbili kahawia, tunazikagua kila Jumatatu tukiwa hatuna wageni. Ile nyingine ya kwetu haina dalili lakini nimeshaipangia ikapimwe presha kabla kusi haijaisha, maana imekaa kwenye chumvi ileile.

Mkienda nendeni asubuhi, mchana yuko majini na wavuvi. Beba plagi zilizokuwemo siku injini ilipokimbia, na usizifute.